Meno Manne Yaliyozidi

Kabla kinanda hakijafika, do ilikuwa ya Drusilla Kemuma. Kila mtu katika kanisa la kilimani, pale juu ya soko la Nyamache, alilijua hilo kama anavyojua mpaka wa shamba lake. Mhubiri akishataja wimbo, watu waliinuka, wakakohoa, wakanyamaza, macho yote yakaelekea benchi la tatu upande wa wanawake. Hapo alisimama mwanamke mwembamba mwenye shingo ndefu na kitambaa cheupe kichwani. Alifumba macho kidogo, akatoa sauti moja, "Do-o-o," akaipandisha hadi mi na so, akairudisha chini, na kanisa zima likaingia. Wazee wa kanisa hilo walibishana juu ya kila kitu, kuanzia rangi ya mlango hadi nani alale hema gani wakati wa makambi, lakini hawakuwahi kubishana na do ya Drusilla.

Alikuwa amesoma miaka minne tu kwenye shule ya misheni, baba yake akasema inatosha. Hesabu alizisahau shambani. Do re mi hakusahau. Kanisani kulikuwa na chati ya kitambaa iliyotundikwa ukutani, yenye herufi za ngazi ya sauti kuanzia do ya chini hadi do ya juu, na kila Jumatano Drusilla aliwafundisha wanakwaya kwa kijiti, akigusa herufi moja moja nao wakiiimba. Herufi za chati hiyo hazikupangwa sawasawa. Nyingi ziliachana vizuri, lakini mi na fa zilibanana, na kule juu ti na do zikabanana vilevile. Drusilla aliamini mchoraji aliishiwa na nafasi. Alipokuwa akiimba, sauti yake yenyewe ilichukua hatua fupi kutoka mi kwenda fa bila kuulizwa, kama mguu unavyojua ngazi ya nyumba yake. Hakuwahi kuunganisha mambo hayo mawili, na mimi nayataja sasa ili usije ukasema hukuambiwa.

Mwaka wa 1964 mama mmoja Mzungu wa misheni alifunga mizigo arudi kwao. Vitu vyake vingi aliviuza au kuvigawa, lakini kinanda chake, kile cha kukanyaga kwa miguu ili kipate pumzi, alikiachia kanisa la kilimani. Sababu ilikuwa moja. Mwanamke aliyempikia na kumfulia kwa miaka sita alikuwa muumini wa kanisa hilo, na saa za mchana, nyumba ikishatulia, mama yule alikuwa amemkalisha kwenye kinanda na kumfundisha. Jina lake Bonareri.

Sasa, Bonareri huyo hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa ameolewa na Obwocha, mdogo wake Josiah Nyangau, na Josiah ndiye mume wa Drusilla. Nyumba zao mbili zilitenganishwa na migomba kumi na minne. Bonareri akicheka kwake, Drusilla alisikia kwake, na Bonareri alikuwa mtu wa kucheka sana. Mnene wa mashavu, mwepesi wa salamu, mikono laini ya mtu aliyekaa miaka sita na sabuni nzuri. Hata kabla ya kinanda Drusilla alikuwa akiitazama mikono hiyo, kisha anaitazama yake iliyopasuka kwa kuchuma chai.

Wanaume wanane walikibeba kinanda kutoka barabarani hadi juu ya kilima, wakipumzika kila hatua ishirini. Kilipofunguliwa kifuniko, watu walijazana kukitazama. Watoto wakapiga kelele kwamba kina meno, na tangu siku hiyo vile vibonyezo vyeupe na vyeusi vikaitwa meno, hata na wazee. Kila mtu alisogea. Drusilla alibaki mlangoni, mikono kifuani, akijitia hamnazo. Kutoka pale aliona nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi. Akajiambia ameona vya kutosha. Hakuwa mtu wa kusukumana na watoto ili aone kitu cha Bonareri.

Sabato iliyofuata mhubiri alitaja wimbo. Drusilla alifumba macho, akavuta pumzi, na kabla hajafungua kinywa kinanda kikalia. Sauti nene, pana, ikajaza paa la mabati. Kanisa likaingia. Alipofumbua macho, hakuna aliyekuwa akimtazama. Benchi zima lilikuwa limegeuza shingo upande wa kinanda, na yeye alisimama pale kinywa wazi na do yake ndani.

Wivu ulimwingia hapo hapo, na tuseme kweli, haukuwa wivu mdogo. Ulikula naye, ukaamka naye, ukaenda naye kuchuma chai. Alimwonea Bonareri wivu kwa kile kiti kidogo cha duara. Alimwonea wivu kwa namna Mzee Obadiah Momanyi, mkuu wa wazee wa kanisa, alivyomsubiri amalize kurekebisha sketi yake ndipo aombe. Kilichomchoma zaidi ni ufunguo. Kinanda kilikuwa na kufuli, na ufunguo wake mdogo wa shaba Bonareri aliufunga kwenye pembe ya leso yake. Ijumaa Drusilla alipokuja zamu ya kufagia kanisa, alikipangusa kinanda vumbi juu na pembeni, kifuniko kikiwa kimefungwa, kama mtu anayepangusa kabati la mwenziwe.

Na wakati wa ibada? Wakati wa ibada kilikuwa wazi, lakini Bonareri alipiga kwa viwiko vilivyotanuka, hivyo kutoka benchi la tatu ulionekana mgongo, na viwiko, na chini miguu ikikanyaga kwa zamu, kulia, kushoto. Drusilla angeweza kusogea mbele. Angeweza, baada ya ibada, kwenda na kusema, "Bonareri, hebu nione." Wanawake wengine walienda. Yeye alikata shauri kwamba jicho lake halitaonekana likitazama meno yale. Mtu akikuona unamtazama amekushinda, hivyo ndivyo alivyofikiri, na kwa miaka mitatu aliitazama miguu tu, kwa sababu miguu unaweza kuitazama huku umeinamisha kichwa kama unayesali.

Mwaka wa 1967 akachoka kuwa mtu wa benchi. Kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai kulikuwa na ubao wa sanduku lililovunjika, mpana kama viganja viwili na mrefu kuliko mkono. Aliuomba, akaubeba kichwani pamoja na kikapu. Aliupaka unga wa jiwe jeupe laini linalochimbwa Tabaka, uliokorogwa na maji na utomvu, ukakauka vizuri. Kisha kwa msumari na kipande cha mwanzi akachora meno meupe kumi na matano, do hadi do na tena hadi do. Kwa masizi ya chungu akachora meno meusi, moja kati ya kila mawili meupe, kumi na manne, yote ya upana mmoja. Alikuwa na mkono mzuri. Ubao ulipokamilika ulipendeza kuliko kinanda chenyewe.

Aliuweka nyuma ya ghala la mahindi, na kila alasiri, chai ikishapelekwa, alikaa kwenye kigoda, ubao magotini, akibonyeza. Kidole cha kwanza do, cha pili re, huku akiimba kwa sauti ya chini ili vidole vijue vinakwenda wapi, na miguu ikikanyaga udongo, kulia, kushoto. Josiah alimkuta siku moja.

"Mama Nyamongo, unafanya nini na hiyo mbao?"

"Najifunza."

"Haisemi kitu."

"Itasema siku yake."

Josiah akaenda zake. Alikuwa mtu mwema asiyekumbuka jambo lolote lisilo na majani ya chai.

Meno meusi hayakumsumbua. Kwa kuwa nyimbo zote alizozijua ziliimbwa kwa do re mi fa so la ti, na majina hayo yalikuwa saba tu, aliona wazi kwamba meupe ndiyo ya kazi na meusi ni mapambo, au pengine ya nyimbo za maziko. Vidole vyake vilizoea. Do aliipata bila kutazama, maana ilikuwa pembeni kabisa, kwenye ukingo wa ubao. Kufikia mwaka wa pili alikuwa akicheza kimyakimya nyimbo sitini za kitabu, mkono wa kulia, akisoma herufi za sauti ukurasani. Bonareri hakuwahi kucheza nyimbo sitini. Drusilla alikuwa amehesabu, kama anavyohesabu mtu mwenye kijiba cha roho, na aligundua kwamba tangu kinanda kije mwenzake alikuwa akizungusha nyimbo zilezile. Kumi na moja. Wimbo mwingine wowote ukitajwa, Bonareri alijifanya anapangusa meno kwa leso, na kanisa likaimba kwa mdomo. Hilo lilimpa Drusilla furaha isiyo na haya hata kidogo. Alijua akipata kile kiti siku moja tu, hakuna atakayemrudisha kwenye benchi.

Siku hiyo ilikuja Agosti ya 1969, kwenye makambi. Makanisa tisa yalikuwa yamekusanyika kwa juma zima, mahema yamejaa uwanja, masufuria ya mboga za chinsaga yakichemka tangu asubuhi ili Sabato isimkute mtu jikoni. Kinanda kilitolewa nje, kikawekwa chini ya turubai mbele ya umati. Bonareri alikuwa mjamzito, na Alhamisi uchungu ukamshika kabla ya siku zake, akakimbizwa hospitali. Ijumaa habari zikaja kwamba amejifungua msichana, wote salama. Watu wakamshukuru Mungu. Halafu wakakitazama kinanda.

"Sasa kesho nani atatuchezea hii kinanda?" Mzee Obadiah akauliza wazee wenzake, na wageni wa makanisa manane wakisikia.

"Mimi," Drusilla akasema.

"Wewe, Mama Nyamongo? Umejifunza wapi?"

"Nyumbani."

Mzee akamtazama kwa muda. Lakini huyu alikuwa Drusilla wa do, hajawahi kudanganya katika jambo la wimbo. Obwocha akatumwa hospitali, na alipofika kitandani akaeleza nani atacheza. Bonareri alimfunika mtoto vizuri kifuani. Mwishowe akafungua pembe ya leso, akatoa ufunguo. "Mpelekee," akasema. Obwocha aliporudi alisema hivyo tu, naye Drusilla akauchukua ufunguo ule wa shaba, ukiwa bado na joto la mfuko wa koti, akalala nao mkononi.

Sabato asubuhi alikaa kwenye kiti cha duara. Kitambaa cheupe, gauni la kijani lililopigwa pasi kwa kitako cha sufuria la moto. Alifungua kufuli, akainua kifuniko, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano akayatazama meno kwa karibu.

Hayakuwa yale ya kwake.

Meupe yalikuwa zaidi ya thelathini, na hayakuonyesha do inaanzia wapi. Na meusi, badala ya kusimama moja moja kama yalivyotakiwa, yalikuwa yamekaa makundi makundi, mawili, halafu pengo, halafu matatu, halafu pengo. Mapengo yale yalimchanganya. Alidhani mwanzoni kinanda kimevunjika, mengine yameng'oka. Nyuma yake watu elfu moja walikuwa wamesimama, wakakohoa, wakanyamaza, jinsi watu wanavyonyamaza wakisubiri do.

Akachagua jino jeupe la katikati lililoonekana la heshima, akakanyaga, akabonyeza. Do. Ikalia vizuri. Re, vizuri. Mi, vizuri, na umati ukaingia kwa furaha. Akabonyeza fa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya juu kupita fa yoyote aliyowahi kuimba, chungu kama ndimu. Umati ukakatika vipande, nusu wakimfuata yeye na nusu wakifuata masikio yao. Akaacha. Akajaribu jino la jirani, la kushoto. Safari hii hata re haikufika, ilinung'unika karibu sana na do kama mtu anayeumwa tumbo. Mtoto mmoja akacheka. Halafu wakubwa.

Mzee Obadiah akasogea, akainama sikioni pake. Hakuwa na ubaya. "Wacha hiyo, Mama Nyamongo. Basi tupatie do kwa mdomo, kama zamani."

Alisimama. Alifumba macho. Maisha yake yote do ilikuwa pale, chini ya koo, ikimngoja. Alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Mgeni wa kanisa lingine, mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza, akaanzisha wimbo kutoka nyuma, na watu wakamfuata huyo.

Baada ya hapo Drusilla hakuimba. Jumatano kwaya ilimngoja, hakwenda. Ubao aliugeuza kifudifudi, ukawa wa kuzibia banda la kuku. Na ufunguo aliurudisha kwa mkono wa Obwocha, kwa maana kwa Bonareri hakukanyaga. Hilo lilianza kusemwa. Mtoto wa shemeji yako ana juma la tatu, nyumba ni ng'ambo ya migomba kumi na minne, na wewe hujapeleka hata unga wa uji? Josiah mwenyewe alisema, na Josiah akiona jambo ujue limekuwa kubwa. Basi Drusilla akajaza kikapu unga wa wimbi, akaweka juu yake ndizi, akajikaza, akavuka.

Bonareri alikuwa ameketi uani kwenye jua, akinyonyesha.

"Bwakire, Mama Nyamongo," akamsalimu.

"Bwakire buya." Drusilla akaweka kikapu chini. Akamtazama mtoto, Orpah, mwenye mashavu ya mama yake. Akasema ni mzuri. Akauliza kama analala. Analala. Wakamaliza maneno ya mtoto mapema sana, wakabaki wakisikiliza kuku.

"Ile mbao yako," Bonareri akasema, "bado iko?"

"Mbao gani?"

"Ile ya nyuma ya ghala."

Damu ilimpanda Drusilla hadi masikioni. "Josiah alikwambia?"

"Hapana. Niliiona." Bonareri hakuinua macho kutoka kwa mtoto. "Mwaka jana, wakati wa mavuno. Nilikuja kuazima ungo, hukuwako. Nikaona umechora kinanda. Nikahesabu. Iko na meno nne zimezidi."

"Manne?"

"Kati ya mi na fa hakunanga nyeusi. Kati ya ti na do pia hakuna. Wewe umepanda kila mahali kama miche ya chai."

"Mwaka jana," Drusilla akarudia.

"Mwaka jana."

"Na Obwocha alipokuja hospitali kuchukua ufunguo?"

Bonareri akasema bila kuzungusha, "Nilijua. Wakati natoa ufunguo nilijua utapotea. Wewe unasoma kitabu yote, Mama Nyamongo. Mimi yule mama alinishika vidole, kimoja kimoja, nyimbo kumi na moja. Hakunifundisha kusoma. Nikiketi pale kila Sabato naomba mhubiri asitaje ya kumi na mbili. Nawaona wanaimba, lakini wakianza ubeti wanakuangalia wewe. Nikasema, huyu akijua meno vizuri, mimi narudi kufua nguo."

Drusilla aliinuka. Alichukua kikapu chake, unga na ndizi na vyote, akaondoka navyo, na wanawake waliomwona akirudi na zawadi ya mzazi kichwani walikuwa na la kusema hadi Krismasi.

Hasira zilimpeleka hadi mgomba wa saba. Hapo akasimama, kwa sababu alikuwa anaimba. Hakujua ameanza lini. Mi, fa. Mi, fa. Akaimba do, re, na sauti ikachukua hatua ndefu, na katikati ya hatua hiyo kulikuwa na nafasi ya jino jeusi kukaa. Akaimba mi, fa. Hatua fupi. Hakukuwa na nafasi ya kitu. Ti, do. Fupi. Akaiona chati ya kanisani jinsi alivyoiona mara elfu, mi na fa zimebanana, ti na do zimebanana, na mchoraji hakuwa ameishiwa na chochote. Koo lake lilijua. Kijiti chake kilikuwa kimegusa pale kila Jumatano kwa miaka kumi na tano. Angeinua shingo mara moja tu kumtazama Bonareri mikono, mara moja, angeona.

Alikwenda moja kwa moja kwenye banda la kuku. Aliuosha ubao, akachukua kisu, akakwangua meno manne meusi mpaka mti ukaonekana. Yaliyobaki yakakaa mawili, matatu, mawili, matatu, na do ikajionyesha yenyewe, jeupe la kushoto kwa yale mawili. Halafu akaketi akaurudia msiba wake wa makambi kidole kwa kidole. Alikuwa ameanza kwenye fa na kuiita do. Hatua tatu za kwanza zililingana, ya nne ikaangukia jeupe palipotakiwa jeusi la kabla yake. Kumbe meusi hayakuwa mapambo. Yalikuwepo ili do iweze kuhama, ikae popote waimbaji wanapoitaka, na hatua fupi zihame nayo. Alicheka peke yake nyuma ya ghala, akilia pia kidogo.

Kesho yake alivuka tena, kikapu kichwani, ubao kwapani. Bonareri alipoona ile michubuko minne aliuma mdomo.

"Niulize kitu," Bonareri akasema. "Kama ni mimi nilichora vibaya, na wewe ukaona, ungeniambia?"

Drusilla alifikiri. Alitaka sana kusema ndiyo.

"Nisingekwambia," akajibu. "Ningekuacha upotee makambi mbili."

Wakatazamana, kisha Bonareri akaanza kucheka kile kicheko cha kuvuka migomba, na Drusilla, ambaye kwa miaka mitano kilimchoma, akashindwa kujizuia.

"Nifundishe kusoma," Bonareri akasema.

"Nipe ufunguo."

Kicheko kikaisha. Bonareri alishika pembe ya leso.

"Mpaka utakapojua kusoma ngazi yote, ufunguo unakaa kwangu," Drusilla akasema. "Ukishajua, tutagawana, wiki yako na wiki yangu."

"Ngazi yote ni hatua nane tu."

"Nane tu."

Bonareri akafungua fundo.

Sabato hiyo Drusilla alicheza wimbo ambao kinanda kile hakijawahi kuuimba tangu kilipopandishwa kilimani. Watu wa Nyamache wangali wanausema. Akaendelea kucheza Sabato iliyofuata, na iliyofuata, akifungua kitabu popote mhubiri alipotaka, akiihamisha do kutoka jino hadi jino kwa kupenda kwake, na macho yote upande wake. Na kila Jumatano, baada ya kwaya, alimfundisha Bonareri chini ya ile chati, kwa kijiti, kwa upole wote, bila kumficha chochote alichouliza.

Hatua zilikuwa nane. Do ilichukua Septemba nzima. Re iliingia Oktoba, maana Drusilla aliona mwanafunzi wake bado hajaikomaza do. Mi ilifika Novemba. Kwa fa, ile hatua fupi, alisema jambo hilo ni zito, halitaki haraka, na Desemba ikaisha. Watoto wa shule ya Sabato, ambao Drusilla huyohuyo aliwafundisha ngazi ile kwa majuma mawili, walipita wakimwona mama mzima amekwama kwenye so mwezi wa Januari. Do ya juu ilimalizika mwisho wa Aprili 1970, na siku hiyo ufunguo ukaanza kugawanywa wiki kwa wiki kama walivyopatana. Kuhamisha do hakukuwemo kwenye mapatano.

Bonareri alikuwa amejua hatua zote nane tangu Oktoba. Alijua kinachofanyika, akija kila Jumatano na mtoto mgongoni, akiimba jina moja aliloambiwa aimbe. Hakulalamika, na kwa kunyamaza alikuwa mzoefu.